Barua ya wazi kwa Bunge la Marekani: Haki ya walezi wa wazee iandikwe kwenye sheria

Houston, Texas
Agosti 2025

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi na Waheshimiwa Maseneta,
Bunge la Marekani,
Washington, D.C.

Nakala: Waziri wa Kazi wa Marekani

YAH: MALIPO YA SAA ZA ZIADA KWA WALEZI WA NYUMBANI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima inayostahili ofisi zenu. Nimezaliwa Tanga, Tanzania, na leo ni raia wa Marekani na mpigakura katika jimbo la Texas. Tangu 2011 kazi yangu ni kulea wazee na watu wenye ulemavu majumbani mwao, hapa Houston. Naogesha, nageuza mtu kitandani kila saa mbili asipate vidonda vya mgongo, nabadilisha pampasi, napika, nafua, nakumbusha dawa, nakaa usiku na mtu anayeogopa kufa peke yake. Kwetu Tanga kazi hii hufanywa na mabinti na wakwe, bila malipo. Hapa ina mshahara, na huo mshahara ndio umenifanya nishike kalamu.

Sikukimbilia hadharani. Nimeandika barua tatu kwa wanaoniwakilisha. Ya kwanza ilijibiwa kwa karatasi iliyopigwa chapa, ikinishukuru kwa kujali sera ya afya. Sikuwa nimeandika juu ya sera ya afya. Ya pili na ya tatu hazikujibiwa. Nilipiga simu, kijana akanisikiliza kwa adabu, akaandika anwani yangu, akasema ujumbe utafika. Mwezi wa sita nilichukua siku bila malipo nikaenda ofisini mwenyewe, nikakaa kwenye kiti cha mapokezi dakika arobaini, nikapewa kadi yenye tovuti.

Barua zile tatu zilikuwa za Kiingereza. Hii naiandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Wanawake ninaopishana nao kwenye zamu, wa Kigoma, wa Mombasa, wa Bukavu, wa Bujumbura, wanastahili kuyasoma mambo haya kwa maneno yaleyale tunayoyasema jikoni kwetu. Na nyinyi kusoma mnaweza. Maktaba ya Bunge lenu ina ofisi Nairobi tangu 1966, kazi yake ikiwa kukusanya vitabu na magazeti ya ukanda wetu, ya Kiswahili yakiwemo. Wapo watu kwenye jengo lenu wanaoijua lugha hii.

Sababu ya kuandika sasa ni hii. Tarehe 2 Julai mwaka huu Wizara ya Kazi ilitangaza pendekezo la kufuta kanuni ya 2013, kanuni iliyotupa walezi wa nyumbani, karibu watu milioni mbili wakati ule, haki ya kima cha chini cha mshahara na malipo ya saa za ziada. Maoni ya wananchi yanapokelewa hadi tarehe 2 Septemba. Pendekezo likipita, mlezi aliyeajiriwa na kampuni ataweza kufanya kazi saa sabini kwa wiki na kulipwa saa ya sabini sawasawa na saa ya kwanza, na sheria ya shirikisho haitakuwa na la kusema.

Naweka malalamiko yangu kwa namba, kama ilivyo desturi.

1. Haki yetu imewekwa mahali ambapo kila serikali inaweza kuiondoa

Mwaka 1938 Bunge lenu lilipitisha sheria ya viwango vya haki vya kazi, ile iliyoleta kima cha chini cha mshahara na wiki ya saa arobaini. Wakulima vibarua na watumishi wa nyumbani waliachwa nje. Miaka mitatu kabla yake, kwenye sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935, makundi hayohayo mawili yaliachwa pia. Tukiuliza nani alikuwa akilima mashamba ya watu na kufua nguo za watu huko Kusini miaka ile, jibu tunalo: wengi wao walikuwa Wamarekani Weusi, watoto na wajukuu wa watumwa, na wabunge wa Kusini ambao kura zao zilihitajika hawakutaka watu hao walindwe. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Hawa hawakuwepo bungeni kwa sababu kura yenyewe walikuwa wamenyimwa.

Mwaka 1974 mlirekebisha. Watumishi wa nyumbani wakaingizwa kwenye sheria, ila mkaacha upenyo mmoja: yaya wa mara mojamoja, na mtu anayekaa na mzee kumpa "usuhuba", hawatahesabiwa. Nadhani mliopiga kura mlikuwa mkimfikiria jirani anayekuja kucheza karata na bibi wa mtaa Jumapili mchana. Lakini mwaka uliofuata Wizara ya Kazi iliandika kanuni iliyoupanua upenyo ukawa lango. Hata mlezi aliyeajiriwa na kampuni ya biashara, anayefanya kazi hii kulisha wanawe, akaitwa msuhuba.

Evelyn Coke alikuwa mama kutoka Jamaica, mlezi wa wazee huko New York kwa miaka mingi, mara nyingi akivuka saa arobaini kwa wiki bila malipo ya ziada. Alishtaki. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na Juni 2007 majaji wote tisa wakamkatalia. Nimesomewa hukumu ile na rafiki anayesoma sheria, neno kwa neno, jioni mbili mfululizo, kwa sababu nilitaka kujua kosa la yule mama lilikuwa nini. Mahakama haikusema alistahili kukosa. Ilisema Bunge liliiachia Wizara uamuzi, na Wizara ilikuwa na mamlaka ya kuandika kanuni ile. Coke alifariki 2009, bila kulipwa.

Basi mamlaka ile ile ikatumika upande wa pili. Mwaka 2013 Wizara, chini ya Rais Obama, iliandika kanuni mpya: kampuni haziwezi tena kujificha nyuma ya neno usuhuba. Wenye makampuni wakaenda mahakamani, jaji mmoja wa Washington akaizuia, mahakama ya rufaa ikairudisha Agosti 2015. Mwishoni mwa mwaka ule, mimi na wenzangu tukaona kwenye karatasi zetu za mshahara mstari ambao hatukuwahi kuuona.

Leo, miaka kumi baadaye, Wizara nyingine inataka kuufuta mstari huo, kwa mamlaka ileile. Na anayekuja baadaye ataurudisha, na wa baada yake ataufuta. Mlango huu mliuacha wazi nyinyi mwaka 1974. Mna miaka hamsini na moja ya kuufunga kwa sentensi moja ya sheria, na hamjaufunga, awe Rais wa chama hiki au kile.

2. Hesabu yenyewe

Wengine watasema ni fedha ndogo. Nimetunza karatasi zangu za mshahara tangu mwanzo, ziko kwenye bati la biskuti. Wiki moja ya Machi 2012 inaonyesha saa 68 kwa dola 8 kwa saa. Nililipwa dola 544 kabla ya makato. Kwa sheria inayomlinda mfanyakazi wa ghala au wa duka, saa 40 za kwanza zingekuwa dola 320, na saa 28 za ziada, kwa dola 12 kila moja, dola 336. Jumla 656. Tofauti ni dola 112 kwa wiki moja. Kwa mwaka wa wiki hamsini kama hizo ni dola 5,600. Kwa miaka minne niliyofanya hivyo kabla ya kanuni kuanza kufanya kazi, ni zaidi ya dola 22,000.

Hizo ni ada za mwanangu chuoni. Alianza, akaacha baada ya muhula wa pili, akaenda kubeba mizigo ghalani. Alipata malipo ya saa za ziada tangu wiki ya kwanza. Usiku ule alinionyesha karatasi yake kwa furaha, akaniuliza, "Mama, kwa nini wewe huna hii?" Nilimwambia nitamweleza kesho. Sikumweleza.

Na si saa za ziada peke yake. Upenyo ule wa 1974 unaondoa pia kima cha chini. Majimbo kama New York na California yana sheria zake zitakazowaokoa walezi wa huko. Texas inafuata kiwango cha shirikisho, dola 7.25, na sheria ya jimbo inaizuia miji kujipangia kiwango cha juu zaidi kwa waajiri binafsi. Houston hata ikitaka kutusaidia, imefungwa mikono.

3. Saa ambazo hazihesabiwi

Kanuni ya 2013 ilifanya jambo lingine ambalo watu wa nje hawalioni. Kampuni inapomtuma mlezi kwa mteja mmoja kisha kwa mwingine siku hiyohiyo, ule muda wa njiani ni kazi, nao unalipwa. Kabla ya hapo nilikuwa na mteja Alief asubuhi, mwingine upande wa Third Ward mchana, wa tatu tena kusini-magharibi jioni. Kwa basi, njia hizo zilinila saa tatu kila siku. Nilikuwa natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku, na karatasi inasema nimefanya kazi saa tisa.

Nataka niwaeleze juu ya kimbunga Beryl. Kilipiga Houston alfajiri ya Jumatatu, tarehe 8 Julai 2024. Nyumba na biashara zaidi ya milioni mbili zilikosa umeme, na baada ya upepo likaja joto, joto lile la Julai la hapa ambalo hata kivuli kinachoma. Mteja wangu wakati ule alikuwa mama wa miaka 83, mwalimu mstaafu, anayepumua kwa mashine ya oksijeni inayotumia umeme. Mtoto wake yuko Atlanta. Nilitembea kwa miguu, juu ya matawi na nyaya, nikamkuta ameshikilia mtungi mdogo wa akiba, akipumua kama mtu anayehesabu. Nilikaa naye siku tatu na usiku tatu. Nilimpepea kwa kifuniko cha sufuria. Nilizunguka mtaa mzima nikitafuta mwenye jenereta, nikampata mzee mmoja wa Kimeksiko, fundi wa paa, akavuta waya kutoka kwake hadi kwetu bila kutuuliza jina.

Mama yule alipona. Kampuni iliyoniajiri ililipa saa kumi na mbili kati ya hizo zote. Sheria yenu ya 2016 inataka mlezi anayelipwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, athibitishe kufika na kuondoka kwa njia ya kielektroniki, na siku ya kwanza mtandao ulikuwa umekufa. Sikuweza kubonyeza popote. Kwa mfumo, siku ile sikufika. Siku mbili zilizofuata nilibonyeza, ila mfumo una saa sita tu kwa siku, hizo ndizo zilizoidhinishwa. Nyingine zote, pamoja na za usiku, zilikuwa za hiari yangu. Nilibishana wiki tano. Siwataji walioniajiri, maana hawakufanya jambo geni. Ndivyo mfumo ulivyopangwa, na wengi wetu tuna kisa kama hiki.

4. Medicaid

Hapa ndipo kiini cha fedha kilipo. Matunzo ya nyumbani nchini hapa, mlipaji wake mkubwa kuliko wote ni Medicaid, yaani nyinyi pamoja na majimbo. Kampuni ikisema haiwezi kunilipa zaidi, mara nyingi inasema kweli, kwa sababu bei imepangwa na serikali. Hapa Texas, hadi 2023, kiwango cha chini cha mlezi wa Medicaid kilikuwa dola 8.11. Mwaka ule kikapanda hadi 10.60, na Septemba Mosi hii kitapanda hadi 13. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: bunge la Texas limefanya jambo jema, nami nalishukuru. Lakini jirani yangu anayegeuza mkate wa nyama kwenye mgahawa wa haraka amekuwa akilipwa zaidi yangu miaka yote hii, na yeye akikosea, chakula kinaungua. Mimi nikikosea, mtu anavunjika nyonga.

Kuna jambo kwenye sheria ya Medicaid ambalo wachache wanalijua. Jimbo linalazimishwa kulipia makao ya wazee, lakini sehemu kubwa ya matunzo ya nyumbani ni hiari ya jimbo. Fedha zikipungua, kinachokatwa kwanza ni kile kisicholazimishwa. Na Texas tayari ina foleni ndefu kuliko jimbo lolote ya watu wanaosubiri huduma hizo; wapo wanaosubiri zaidi ya miaka kumi, wengine wanafia foleni. Juu ya hali hiyo, sheria iliyosainiwa Julai 4 mwaka huu itapunguza fedha za shirikisho za Medicaid kwa zaidi ya dola bilioni 900 katika miaka kumi, kwa hesabu za Ofisi ya Bajeti ya Bunge lenu wenyewe. Siku mbili kabla ya sahihi ile, Wizara ilikuwa imetangaza kufuta kanuni yetu. Mkono mmoja unapunguza fedha za kutulipa, mwingine unaondoa wajibu wa kutulipa.

Mimi mwenyewe nimekaa miaka saba bila bima ya afya. Namwogesha mtu mwenye kisukari, namwekea dawa zake kwenye kisanduku cha siku saba, nami presha yangu naipima kwenye mashine ya duka la dawa.

5. Nani anasikilizwa

Sitaki kuwakosea adabu, lakini nitasema ninavyoona.

Sheria hiyohiyo ya Julai 4 imepandisha hadi dola milioni 15 kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kuwaachia wanawe bila kodi ya mirathi ya shirikisho. Na sheria hiyohiyo inaweka kodi ya asilimia 1 kwa fedha taslimu zinazotumwa nje ya nchi, kuanzia Januari Mosi 2026. Kila mwezi napanga foleni kwenye duka dogo barabara ya Bissonnet kumtumia mama yangu dola 150 za dawa na chakula. Kodi yake itakuwa dola moja na nusu. Sitafilisika kwa dola moja na nusu. Kinachoniumiza ni kwamba kuna watu walikaa mezani wakaandika yote mawili katika sheria moja, wakasoma, wakaona sawa. Seneti iligawanyika 50 kwa 50, na Makamu wa Rais akaja kutoa kura ya kuipitisha.

Kima cha chini cha shirikisho ni dola 7.25 tangu Julai 2009. Tangu kianzishwe 1938 hakijawahi kukaa muda mrefu hivi bila kuongezwa. Anayefanya kazi saa arobaini kila wiki ya mwaka kwa kiwango hicho anapata dola 15,080. Mwaka 1963, wale walioandamana na Dkt. Martin Luther King kwenda Washington walikuwa na madai yaliyoandikwa, na mojawapo lilikuwa kima cha chini cha dola 2 kwa saa kwa nchi nzima. Mnaikumbuka hotuba kila Januari. Dai lile la mshahara silisikii likitajwa.

Wala sisemi na chama kimoja. Machi 2021, Democrats wakiwa na Seneti, pendekezo la kupandisha kima hadi dola 15 liliangushwa kwa kura 58 dhidi ya 42, na wanane kati ya waliokataa walikuwa wa upande wao. Mwaka uleule Rais Biden aliomba dola bilioni 400 kwa ajili ya matunzo ya nyumbani. Baraza la Wawakilishi likapitisha kama bilioni 150. Seneti ikaua mswada wote, na sheria iliyopita 2022 badala yake haikuwa na hata dola moja kwetu. Tulikuwa tumeshaambiana kwenye simu kwamba safari hii tumekumbukwa. Tulikuwa ndio kwanza tumetoka kwenye korona, wakati mlipotuita wafanyakazi muhimu.

Kisha naangalia uchaguzi wa 2024. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya 2010, makundi ya nje ya kampeni yanaweza kupokea na kutumia fedha bila kikomo, na mtu mmoja, tajiri kuliko wote duniani, alitumia zaidi ya dola milioni 250. Nimepiga hesabu: kwa dola 10.60 kwa saa, saa arobaini kwa wiki bila likizo, ningehitaji kufanya kazi zaidi ya miaka 11,000 kuzipata. Yule akipiga simu kwenye ofisi zenu, sidhani kama anapewa kadi yenye tovuti.

Najua mtakavyojibu, maana nimeyasoma majibu yenu kwa wengine.

Mtasema saa za ziada zitawafanya wazee wakose huduma kwa kuwa gharama itapanda. Tumekuwa na kanuni hii miaka kumi, na idadi ya walezi imeongezeka, sasa ni zaidi ya milioni tatu nchini. Kinachowakosesha wazee huduma ni walezi kuacha kazi. Mteja wangu wa sasa alibadilishiwa walezi tisa kwa mwaka mmoja kabla yangu. Tisa. Kila alipokuja mlezi mpya, mteja alilazimika kumfundisha upya jinsi ya kumnyanyua bila kumuumiza bega.

Mtasema baada ya 2015 kampuni nyingi zilipunguza saa zetu hadi arobaini ili zisilipe ziada, kwa hiyo kanuni ilituumiza sisi wenyewe. Hili lina ukweli, na silikwepi. Mimi nilipunguzwa. Nikalazimika kutafuta kampuni ya pili, na miezi kadhaa nilipata kidogo kuliko zamani. Lakini dawa yake haikuwa kuturudisha tulikotoka. Ilikuwa kupandisha bei ya Medicaid ili kampuni iweze kulipa, au kuajiri walezi wa kutosha ili mtu asihitajike saa sabini. Mtu aliyefanya kazi saa sabini hapaswi kushika kijiko cha dawa ya mtu mwingine.

Mtasema majimbo yaamue yenyewe. Mwaka 1938 majimbo yalikuwepo na yalikuwa yameamua. Sheria ya shirikisho ilitungwa kwa sababu ya jinsi yalivyoamua.

Mtasema hata mishahara yenu ya dola 174,000 haijaongezwa tangu 2009. Ni kweli, nami sioni kuwa ni haki kumcheka mtu kwa hilo. Ila nyinyi mkitaka kuibadilisha mnapiga kura wenyewe. Na yangu pia mnapiga kura nyinyi.

Mtasema, mwisho, kwamba hii ni kazi ya upendo. Ni kweli ni ya upendo. Nimefumba macho ya watu watano kwa mkono huu, na mazishini kwa wawili kati yao familia ilinikalisha mstari wa mbele. Mwenye nyumba wangu hapokei upendo tarehe mosi.

Kwa hiyo naomba, na kwa heshima nadai, mambo haya:

1. Bunge lirekebishe kifungu cha 1974 na kuandika wazi kwamba mlezi yeyote aliyeajiriwa na kampuni au wakala analindwa na kima cha chini na malipo ya saa za ziada. Iwe sheria, isiwe kanuni ya waziri.

2. Wakati hilo linashughulikiwa, Wizara ya Kazi iondoe pendekezo lake la Julai 2.

3. Matunzo ya nyumbani yawe wajibu ndani ya Medicaid, kama makao ya wazee yalivyo, na bei inayolipwa kwa kampuni iwekewe sharti la sehemu inayomfikia mlezi.

4. Kodi ya fedha zinazotumwa nyumbani ifutwe.

5. Kima cha chini cha shirikisho kipandishwe, kisha kifungwe na gharama za maisha ili kisisubiri tena miaka kumi na sita.

6. Kamati za kazi za mabaraza yote mawili zifanye kikao cha kusikiliza walezi wenyewe, wakiwa na mkalimani, na saa ambazo si za zamu. Msiwaite wenye makampuni peke yao. Nikiitwa nitakuja, kwa basi ikibidi.

Wenzangu mnaosoma hii: maoni yanapelekwa kwenye tovuti ya serikali ya kanuni hadi tarehe 2 Septemba. Andika kwa lugha unayoiweza, na kama huna jinsi niletee mimi, Jumapili baada ya misa niko ukumbini na kompyuta. Andika saa zako. Andika ulicholipwa. Usiandike jina la mteja wako wala la kampuni kama unaogopa, namba zinatosha.

Waheshimiwa, sijaweka jina langu hapa kwa sababu bado nahitaji kazi. Jina langu, anwani na nakala za karatasi zangu za mshahara tangu 2011 ziko kwenye bahasha niliyoituma kwa barua ya rejista kwa mwakilishi wangu na kwa maseneta wote wawili wa Texas. Risiti za posta ninazo. Nasubiri jibu la maandishi kabla ya tarehe 2 Septemba.

Wenu kwa heshima,

Mlezi wa wazee,
Kusini-magharibi mwa Houston